Gama: Bingwa Ambaye Mgongo Wake Haukuonja Mchanga

Nilipokuwa mtoto wa chuoni hapa Mombasa, wavulana wawili wa hirimu yangu walipigana siku moja baada ya darasa. Mmoja alimpiga mwenziwe mweleka, akamlaza chali uani, kisha akamkalia kifuani huku akijisifu. Maalim hakumtia fimbo. Alimwinua taratibu, akatukalisha sote kwenye mkeka, akatufahamisha mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira. Akatueleza vilevile kuwa Mtume mwenyewe alipata kushikana mieleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu huko Makka, na akamwangusha. Kwa hivyo ubaya hauko katika mieleka. Ubaya u katika kibri cha mwenye kushinda.

Siku zile zile, njiani kurudi nyumbani, nilikuwa nikipita kwenye karakana ya fundi seremala mmoja, mzee wa Kipunjabi, ambaye wazee wake walikuwa miongoni mwa wale waliovuka bahari kutoka Karachi kuanzia mwaka 1896 kuja kujenga reli. Ukutani, juu ya misumeno yake, alikuwa amebandika picha iliyokatwa gazetini. Ilikuwa picha ya mtu wa miraba minne, shingo nene kama shina la mnazi, masharubu yamesokotwa, na begani amelaza rungu kubwa la fedha. Mzee yule alikuwa akilitaja jina la mtu huyo kama vile sisi tunavyowataja masharifu wetu. Jina lenyewe lilikuwa Gama.

Siku hizi, kila nipitapo barazani baada ya sala ya Isha, huwasikia vijana wakibishana juu ya wapigana mieleka wa Marekani wanaowaona katika televisheni: nani ana misuli, nani ana mbwembwe, nani atamtupa nani nje ya kamba. Sina ugomvi nao, kwani kila zama na michezo yake. Lakini nimeona si vibaya niwasimulie habari za Gama, ili wapime wenyewe nguvu ni kitu gani.

Jina lake kamili lilikuwa Ghulam Muhammad Baksh Butt. Alizaliwa mwaka 1878 katika upande wa Amritsar, Punjab, katika ukoo wa Kiislamu wenye asili ya Kashmir. Mieleka ilikuwa ndiyo kazi ya ukoo huo, kama vile kwetu kuna koo za mafundi wa majahazi na koo za wavuvi. Baba yake, Aziz Baksh, alikuwa pahalwani, na neno hilo kwa Wahindi ndilo bingwa wa mieleka. Baba huyo alifariki Gama akiwa na umri wa miaka 6 tu. Akalelewa na babu yake mzaa mama, Nun Pahalwan, na alipofariki babu naye, mjomba wake aitwaye Ida akamchukua. Wote hao walikuwa watu wa uwanjani. Udongo uwahi ungali maji, na kwa hakika udongo huu uliwahiwa.

Yafaa hapa nimweleze msomaji mieleka ya Bara Hindi ilivyo, maana si ile ya kwenye kamba. Uwanja wake huitwa akhara. Ni shimo la mchanga laini uliochimbwa na kuchekechwa, ukatiwa mafuta, mtindi na manjano ili usichubue ngozi. Wapiganaji huvaa uwinda tu. Hapana kupiga ngumi wala teke. Anayemlaza mwenziwe chali, mabega yote mawili yakagusa mchanga, ndiye mshindi, na hapo mambo yamekwisha. Katika akhara hizo Mhindu na Mwislamu walifanya mazoezi pamoja, wakijipaka mchanga mmoja. Mmoja alimtaja Hanuman wake, na mwengine alimwita Sayyidna Ali, kisha wakashikana.

Mwaka 1888 Raja wa Jodhpur aliita mashindano ya kuchuchumaa na kuinuka, ambayo ndiyo mazoezi makuu ya miguu kwa mapahalwani. Walihudhuria zaidi ya watu 400 kutoka pembe zote za Bara Hindi. Walichuchumaa na kuinuka, mmoja mmoja akijitoa kwa kuchoka, mpaka wakabaki 15. Miongoni mwa hao 15 alikuwamo mtoto wa miaka 10. Raja alipomwona alisimamisha mashindano na kumtangaza mshindi kwa ajili ya umri wake. Yasemwa mtoto alilazwa kitandani siku kadhaa baada ya hapo, miguu haikunjiki.

Raja wa Datia, jimbo dogo la katikati ya Bara Hindi, akamchukua na kumlea kitaaluma. Msomaji asilipite jambo hili upesi, maana litarudi mwishoni. Pahalwani hakuwa na mshahara wa serikali wala malipo ya kiingilio. Alikuwa akilishwa na raja. Chakula chake kilikuwa maziwa kwa ndoo, samli, lozi zilizotwangwa, supu ya kuku na matunda, na hakuna maskini awezaye kumlisha mtu hivyo. Kwa upande wake, pahalwani alimpatia raja fahari. Mazoezi ya Gama yalihesabiwa kwa maelfu kila siku: maelfu ya kuchuchumaa, maelfu ya kujisukuma juu kwa mikono, kisha kushikana na wenzake makumi, mmoja baada ya mwengine. Habari za mazoezi hayo zilienea hata Bruce Lee, yule wa sinema za karate zilizotujaza katika majumba ya sinema utotoni mwetu, alizisoma na kuyaingiza baadhi yake katika mazoezi yake mwenyewe.

Na palipo na bingwa hapakosi chumvi. Katika jumba la makumbusho la Baroda liko jiwe ambalo yasemwa Gama alilinyanyua mwaka 1902, na uzani wake hutajwa kuwa kilo 1,200. Hayo ni magunia 13 ya mahindi na zaidi. Mimi niliyekua nikiwatazama mahamali wa bandarini, wanaume waliokuwa hawana mchezo, siwezi kulisadiki hilo, wala Gama halihitaji. Mwenye sifa za kweli huharibiwa na za uongo.

Kizuizi kikubwa cha ujana wake kilikuwa mtu mmoja: Rahim Baksh Sultaniwala wa Gujranwala, bingwa wa Bara Hindi nzima, Mwislamu na Mkashmiri kama yeye. Rahim alikuwa na urefu unaokaribia futi 7. Gama alikuwa na futi 5 na inchi 7 au 8. Waliposhikana mara ya kwanza Gama alikuwa kijana wa miaka 17 hivi, na mwenziwe mtu mzima aliyekomaa. Watu walikwenda kutazama kijana akivunjwa. Walipigana saa nyingi, Gama akatoka damu puani na masikioni, lakini mgongo wake haukugusa chini. Wakaachanishwa suluhu bin suluhu. Tokea siku hiyo Bara Hindi yote ikamjua.

Mwaka 1910 akapelekwa London pamoja na nduguye Imam Baksh, aliyekuwa pahalwani hodari pia. Tajiri mmoja wa Bengali aligharimia safari. Wakati ule mieleka ilikuwa imepamba moto Ulaya na Marekani, na mabingwa wake walikuwa wakijaza kumbi. Gama alipofika aliambiwa hana nafasi katika mashindano, kwa kuwa ni mfupi. Fikiri, msomaji: mtu amevuka bahari, nyuma yake ameacha nchi nzima inamsubiri, naye anapimwa kwa futi na inchi kama ubao wa seremala. Isitoshe, huo ulikuwa wakati wa ukoloni, na Mhindi akihesabiwa kuwa mtu wa kutawaliwa.

Hakugombana na mtu. Alitoa tangazo kwamba atawaangusha wapiganaji watatu wowote, wa uzani wowote, katika muda wa dakika 30. Watu wakadhani ni porojo, hakuna aliyejitokeza. Akazidi kuwataja mabingwa wakubwa kwa majina yao, akiwamo Frank Gotch wa Marekani, aliyekuwa akihesabiwa bingwa wa dunia, na Stanislaus Zbyszko wa Poland. Gotch hakuja. Aliyejitokeza kwanza alikuwa Mmarekani, daktari Benjamin Roller. Mwezi wa Agosti wakashikana. Mara ya kwanza Gama alimlaza chali kwa dakika 1 na sekunde 40. Mara ya pili ilichukua dakika 9 na kidogo. Mlango wa mashindano ukafunguka wenyewe.

Tarehe 10 Septemba 1910, katika uwanja wa Shepherd's Bush, akakutana na Zbyszko. Kwa kalenda yetu zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1328. Msafiri ana ruhusa yake, na hilo ni baina ya mja na Mola wake. Kilichoshindaniwa kilikuwa paundi 250 na mkanda wa gazeti la John Bull. Zbyszko alikuwa mzito kuliko Gama kwa ratili nyingi, na alikuwa mjuzi. Dakika ya kwanza haijesha, Gama alimwangusha. Mpoland akang'amua kuwa akisimama tena atalazwa chali. Akaanguka kifudifudi, akajibana na mkeka kama chaza na mwamba, na hapo akakaa. Gama akamzunguka, akamvuta, akamsukuma, akajaribu kila mbinu ya akhara. Ilipita saa moja, zikapita mbili, ikapita na nusu, na Zbyszko yungali chini. Watazamaji wakazomea. Mwisho giza la jioni likaingia na mwamuzi akasema hakuna mshindi, warudiane Jumamosi ya pili yake.

Mimi hupenda kulizingatia sana pambano hilo lisilokuwa na mshindi. Mtu amekaa zaidi ya saa mbili na nusu juu ya mgongo wa mwenziwe anayemchelewesha kwa makusudi, mbele ya maelfu ya watu wa nchi ngeni, na mkanda uko karibu. Angeweza kumkunja kidole au kumkaba koo. Hakufanya hivyo. Aliendelea kutafuta ushindi wa halali mpaka muda ukaisha. Hapo mimi hukumbuka mkeka wa chuoni.

Tarehe 17 Septemba Gama alikuja uwanjani. Zbyszko hakutokea. Mkanda akapewa Gama, na kwao akaitwa Rustam wa Zama, yaani shujaa wa ulimwengu kwa wakati wake, kwa kufananishwa na Rustam wa hadithi za Waajemi. Aliwaita mabingwa wengine waje, hapana aliyekuja. Akarudi Bara Hindi, na mjini Allahabad akakutana tena na Rahim Baksh Sultaniwala. Safari hii mambo yakamalizika. Baada ya kushikana sana yule mtu mrefu alishindwa, na Gama akawa bingwa wa Bara Hindi bila ya mshirika. Katika uzee wake, alipoulizwa ni nani aliyemtaabisha zaidi kuliko wote, hakutaja mzungu hata mmoja. Alimtaja Rahim Baksh. Huo ndio uungwana: kumpa mshindani haki yake hata baada ya kumshinda.

Ikapita miaka 17. Zbyszko katika muda huo hakuwa mtu wa kudharauliwa. Mwaka 1921 na tena 1925 alishika ubingwa wa dunia huko Marekani. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na Mpoland aliona ana deni. Mwezi wa Januari 1928 alisafiri mpaka Patiala, kwa Maharaja Bhupinder Singh, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akimlea Gama. Wote wawili walikuwa wanakaribia umri wa miaka 50. Maelfu kwa maelfu ya watu walikusanyika, wengine wakiwa wametembea mwendo wa siku nyingi. Waliokuwa wakitengeneza vikao vyao vizuri hawakuona kitu, maana haikutimia dakika moja. Gama alimshika, akamtupa, akamlaza chali. Maharaja akamtunza rungu la fedha, na hiyo ndiyo picha niliyokuwa nikiiona ukutani kwa seremala wetu. Zbyszko alikiri kwa roho safi kuwa ameshindwa na aliye bora kuliko yeye.

Mwaka 1929 akamwangusha Jesse Petersen kwa dakika moja na nusu. Baada ya hapo hakupata tena mtu wa kushikana naye. Zaidi ya miaka 50 aliyokaa katika mieleka, hakuna mtu aliyepata kuugusisha mgongo wake mchanga.

Lau kisa kingelikoma hapa kingelikuwa kisa cha misuli tu. Lakini ukaja mwaka 1947. Bara Hindi ikagawanywa mapande mawili, India na Pakistan, na mpaka ukapita baina ya Amritsar na Lahore, miji ambayo masafa yake ni kama maili 30. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao, na waliouawa walihesabiwa kwa laki. Waislamu wakawaua Wahindu na Makalasinga, na Makalasinga na Wahindu wakawaua Waislamu. Majirani waliokopeshana chumvi wakageuziana mapanga.

Gama wakati huo alikuwa akiishi Lahore, katika mtaa wa Mohni Road uliokuwa na Wahindu wengi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Watu wa Lahore na jamaa zake wamesimulia kuwa alisimama na mapahalwani wake mbele ya nyumba za majirani hao, akaapa kuwa hataguswa mtu wa mtaa wake. Kundi la wahuni lilipokuja, likimtaraji kwa sababu ni Mwislamu mwenzao na bingwa wao, lilikuta njia imefungwa na yeye. Likarudi lilikotoka. Hali ilipozidi kuchafuka, na ikawa wenyewe Wahindu hawawezi kukaa tena, aliwasindikiza mpaka mpakani, akawapa na masurufu ya njiani kutoka mfukoni mwake.

Sisi watu wa Mombasa tunafahamu jambo hili si kwa kusoma vitabuni. Mwaka 1997 tuliona kule Likoni jirani alivyoweza kumficha jirani chini ya kitanda, na jirani alivyoweza kumwonyesha kidole jirani. Siku kama ile, kuungana na kundi hakuhitaji nguvu yoyote. Hata mnyonge huwa simba akiwa katikati ya mia. Nguvu huhitajika kwa anayesimama mlangoni akiwa peke yake, kuwazuia watu wa kabila lake na dini yake wasimdhulumu asiyekuwa wao. Pale Mohni Road Gama hakushika mkono wa mtu kumpiga mweleka, nami naona hilo ndilo pambano kubwa kuliko la London na la Patiala.

Sasa nirejee kwa marajah. Ugawaji ule uliwaacha Datia na Patiala upande wa India, na Gama yuko Pakistan. Baadaye hata majimbo yenyewe ya marajah yakaunganishwa na serikali, na posho za watu wao zikakatika. Mtu aliyelishwa samli na lozi tangu utotoni akawa mzee hana wa kumlisha. Alimfundisha mpwawe Bholu, mwana wa Imam Baksh, naye akaja kuwa bingwa wa Pakistan. Lakini maradhi ya moyo na pumu yakamwandama, na matibabu yakamshinda kulipia. Serikali ya Pakistan ilimsaidia. Na kutoka ng'ambo ya mpaka, tajiri wa India, G. D. Birla, aliyekuwa Mhindu, aliposikia hali yake alimpelekea rupia 2,000 na kumwekea rupia 300 kila mwezi. Wahenga wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yule aliyewalinda Wahindu mlangoni mwao akatunzwa uzeeni na Mhindu. Waone wenye macho.

Alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960, na huko akazikwa. Mjukuu wake, Kulsoom, aliolewa na Nawaz Sharif aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Pakistan, kwa hivyo damu ya akhara ilifika hata ikulu. Stanislaus Zbyszko alimfuata mwaka 1967.

Jambo moja hunichoma moyo kila nikikikumbuka kisa hiki. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Je, ni kweli? Gama alitunzwa marungu ya fedha siku aliyoshinda. Dawa ya pumu ndiyo iliyompa taabu. Na sisi hapa pwani, wangapi waliotuchezea mpira mpaka tukapoteza sauti kwa kushangilia, wangapi waliotuimbia taarabu harusini mwetu, wangapi waliotutungia mashairi, leo wako vyumbani wamelala, nasi hupita mlangoni bila hata kubisha hodi? Tukisikia mauti ndipo tunapokusanyika na kutaja sifa zao.

Vijana wa barazani wakiniuliza nani alikuwa na nguvu kuliko wote, nitawatajia Gama. Lakini nitawaomba wasianzie kwenye jiwe la Baroda. Waanzie Mohni Road, kisha wamfikirie mzee mmoja wa mtaani mwao aliyewahi kuwafurahisha, wende wakamjulie hali kabla ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu amrehemu Gama, na awarehemu wote walioimiliki nafsi zao wakati wa hasira. Amin.